Shajara ya mradi: kutambua nyasi za pampasi zisizo na lebo

Kazi yenyewe

Bustani ni kongwe, waliopanda hawapo tena, na vichaka vya nyasi za pampasi vimekua vikubwa bila mtu kukumbuka vilitoka wapi. Mwenye bustani anataka kujua ana nini, kwa sababu ana uamuzi wa kufanya: kipi kibaki, kipi kidhibitiwe, kipi king'olewe. Nimevipa herufi A mpaka E kufuata njia inavyopita. Sikutaka kuviita kwa rangi. Ukishasema "kile cha waridi", macho yako yameshaamua kabla hujatazama jani hata moja.

Jina hapa si la kupendezesha kibao. Pampasi inayopandwa sana kwa mapambo ni *Cortaderia selloana*, ya nyanda za Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazil. Ipo nduguye wa karibu, *Cortaderia jubata*, wa milima ya Andes kuanzia Ecuador kushuka hadi kaskazini mwa Argentina. Kwa mpita njia zinafanana, lakini sheria hazizitazami sawa kila mahali. Umoja wa Ulaya uliiweka *C. jubata* kwenye orodha yake ya spishi vamizi mwaka 2019. Afrika Kusini na New Zealand zinazihesabu zote mbili kuwa mimea vamizi. Kwa hiyo jina lisilo sahihi linaweza kumfanya mtu ang'oe mmea asiolazimika kuung'oa, au afuge mmea asioruhusiwa kuwa nao.

Utaratibu niliojiwekea: jenasi kwanza, kisha spishi, kisha aina ya bustani, yaani jina lile la kitalu. Kila ngazi iwe na ushahidi wake, na ushahidi ukiishia kwenye spishi, jina nalo liishie hapo.

Vifaa

Glavu ngumu, nguo ya mikono mirefu na miwani ya kinga. Kingo za jani la pampasi zina meno madogo ya silika (madini magumu kama kioo), hayaonekani vizuri kwa macho lakini yanachana ngozi mara moja ukivuta jani kwa upande usiofaa. Nyingine: lenzi ya kukuza mara kumi, rula, mkanda wa kupimia, penseli, karatasi nyeusi, na bahasha za karatasi. Bahasha ziwe za karatasi kweli. Sampuli ikifungwa kwenye nailoni huota ukungu kabla haijakauka.

Kuondoa zisizohusika

Kabla ya kubishana kuhusu spishi za pampasi, lazima nihakikishe kila kichaka ni pampasi. Nyasi ndefu zenye masuke mepesi ya manyoya ni nyingi.

Matete, yaani *Phragmites australis*, na *Arundo donax*, ambayo wengi huiita tete pia, hujitenga haraka. Majani yao yamepangwa juu ya shina lote kutoka chini hadi karibu na suke, na mimea husambaa kwa mashina yatambaayo ardhini. Pampasi hukusanya majani yake chini, kichaka kimoja kilichoshikana, na mashina ya maua ndiyo yanayochomoza katikati. *Miscanthus sinensis* ina mstari mweupe katikati ya jani, na matawi ya suke lake hutoka karibu mahali pamoja na kutanuka juu. *Tripidium ravennae* ndiyo inayodanganya zaidi kwa mbali, kwa sababu nayo hufanya kichaka kikubwa na kuinua masuke ya rangi ya fedha iliyochanganyika na zambarau. Ila jani lake lina mshipa mpana mweupe katikati, na mashina yake ya maua yana majani njiani.

Vichaka vyote vitano vina majani yaliyojikusanya chini, kingo kali, na mstari wa nywele fupi mahali bapa la jani linapokutana na ala. Hakuna tete wala *Miscanthus*. Nikaendelea.

Majani, kabla masuke hayajatoka

Watu husubiri masuke ndipo waanze kutambua pampasi. Mimi naona huo ni upotevu wa muda mzuri. Jani lipo mwaka mzima na linasema mengi.

Jambo la kwanza nililotazama ni ncha. Majani makavu ya *C. selloana* na hata mabichi yaliyokomaa huwa na ncha iliyojipinda na kujikunja, wakati ncha ya *C. jubata* kwa kawaida hubaki imenyooka. Kisha rangi: *selloana* huelekea kijani chenye ubuluu au ukijivu, *jubata* kijani kilichokolea. Kisha ala, ile sehemu ya chini inayofunika shina. Hapa lazima upige magoti, ufunue majani ya nje na kutazama jani lililo ndani ambalo halijachakaa. Ala ya *jubata* imejaa nywele nyingi. Ya *selloana* ni laini au ina nywele chache tu.

Vichaka A, B, C na D vimejibu kwa sauti moja: ncha zimejikunja, ala karibu tupu. Kwenye D majani yana mistari ya njano kingoni, lakini umbo la ncha ni lile lile. Chini ya kila kimoja, majani yaliyokufa yamejizungusha kama maranda ya seremala, rundo zito linalojaza nafasi yote ya ndani. Hili lenyewe ni alama nzuri, nami nimeliandika. Vilevile ni kuni tayari. Nimemshauri mwenye bustani aondoe makavu hayo mapema, kwa sababu kichaka cha pampasi kikishika moto huwaka kwa nguvu.

E haikujibu kama wenzake.

Kichaka E

Majani makavu ya E yamelala chini yakiwa marefu na yamenyooka. Nikashika jani bichi moja, nikalivuta kwa mkupuo. Halikukatika. Jani la A, likivutwa vivyo hivyo, lilikatika bila taabu. Nikalitazama E dhidi ya mwanga: badala ya mshipa mmoja wa kati unaotawala, kuna mishipa kadhaa inayoonekana wazi pande zote mbili, kati ya katikati na ukingo. Chini, ala ina utando mweupe wa nta unaofutika kwa kidole.

Dalili hizo kwa pamoja zinanitoa nje ya *Cortaderia* kabisa. Hii ni toetoe, kundi la nyasi za asili ya New Zealand. Kwa muda mrefu ziliwekwa ndani ya *Cortaderia*, na mpaka leo zinauzwa sehemu nyingi kwa jina la *Cortaderia richardii*. Mwaka 2010 spishi hizo zilihamishiwa jenasi yao, *Austroderia*. Uhamisho haukufanywa kwa kupenda mabadiliko. Zinafanana na pampasi za Amerika Kusini kwa umbo, lakini nasaba yao ni tofauti.

Nimesisimka sana kukuta E, kwa sababu mbili. Huko New Zealand kwenyewe tatizo ni la kinyume: watu wanaotaka kung'oa pampasi vamizi hujikuta wameng'oa toetoe ya asili. Kipimo cha kuvuta jani na kutazama mishipa ndicho kinachookoa mmea usio na kosa. Na hapa bustanini, E ndiyo iliyokuwa inatazamwa kwa jicho baya, kwa kuwa masuke yake yanainama na "haipendezi kama wenzake". Kuinama upande mmoja, kama bendera isiyo na upepo mwingi, ndiyo tabia yake. Hutoa masuke mapema kuliko *selloana*, yakiwa ya rangi ya malai.

Nimeiandika *Austroderia*, bila jina la spishi. Jenasi ina spishi tano na nahitaji suke bichi kabla sijasogea mbele.

Kibao chini ya A

Wakati wa kuondoa majani makavu ya A kimepatikana kibao cha bati, kimeliwa na kutu lakini herufi zilizogongwa bado zinasomeka: *Gynerium argenteum*. Mwenye bustani alidhani tumepata aina adimu.

Ni jina la zamani la mmea ule ule. Sampuli zilizoingiza nyasi hii kwenye vitabu vya sayansi zilikusanywa na Mjerumani Friedrich Sellow, aliyezunguka Brazil na Uruguay na kufa maji katika mto Doce mwaka 1831. Mwaka 1827 iliitwa *Arundo selloana* kwa heshima yake. Mwaka 1829 mtaalamu wa mimea Nees akaiita *Gynerium argenteum*, na jina hilo likashika katika bustani za karne ya 19. Jenasi *Cortaderia* ilianzishwa na Otto Stapf mwaka 1897, na mwaka 1900 Ascherson na Graebner wakaunganisha jenasi hiyo na jina la kwanza la spishi, tukapata *Cortaderia selloana*.

Basi kibao kinanipa mambo mawili: aliyepanda A aliiona kuwa spishi hii, na hakuandika jina lolote la aina ya bustani. Nimekipiga picha na kukihifadhi pamoja na sampuli. Hakithibitishi kitu peke yake, maana vibao huhama na mimea hufa ikapandwa mingine mahali pale pale. Lakini kinaelekea upande ambao majani tayari yameelekea.

Masuke yanatoka

B imetangulia. Masuke yamechomoza yakiwa ya waridi iliyokolea, na maneno yakaanza: hii ndiyo *jubata*, maana *jubata* ni ya zambarau.

Ni kweli suke changa la *jubata* huwa na zambarau au waridi iliyokolea kabla ya kufifia kuwa ya hudhurungi. Lakini *selloana* nayo ina mimea ya waridi, mingine imechaguliwa makusudi na kupewa majina, kama 'Rosea' na 'Rendatleri'. Hata mimea ya suke jeupe inaweza kutoka na dalili ya waridi siku za mwanzo. Rangi ya suke inaanzisha swali tu. Ajabu ni kwamba ndicho kitu pekee ambacho watu wengi hukitazama.

Nilipima urefu. Mashina ya maua ya *jubata* hupaa mbali juu ya majani, mara nyingi maradufu ya kimo cha kichaka au zaidi. Ya B yamezidi majani kwa kiasi tu. Ni dalili nzuri, lakini kimo hubadilika kwa udongo, maji na kivuli, kwa hiyo sikuridhika.

B chini ya lenzi

Hapa ndipo kazi ilipokuwa tamu.

*C. jubata* ina tabia isiyo ya kawaida: mimea yake yote ni ya kike, na hutoa mbegu zinazoota bila kuchavushwa kabisa. Mche ni nakala ya mama. *C. selloana* haiko hivyo. Ina mimea ya kike, na ina mimea yenye viungo vya jinsia zote mbili katika ua moja, ambayo kiutendaji hufanya kazi ya dume. Maana yake ni kwamba ukikuta pampasi inayotoa chavua, huna *jubata* mkononi. Hoja imekwisha, rangi iwe yoyote.

Nilichukua tawi dogo la suke la B lililokuwa limefunguka na kuliweka juu ya karatasi nyeusi. Kwanza kwa macho matupu: manyoya machache kuliko nilivyotarajia, suke jepesi, unaona ng'ambo. Kwa lenzi, kila kisuke kina maua madogo kadhaa yaliyopangwa kwenye kishikizo kimoja, na chini yake magamba mawili membamba kama yamekatwa kwenye karatasi inayopitisha mwanga. Nikafungua ua moja kwa ncha ya sindano. Vifuko vitatu vya chavua vikaning'inia nje kwenye nyuzi zao, vimejaa. Nikagonga tawi kwa kucha. Vumbi la manjano likaanguka kwenye karatasi nyeusi.

B ni *Cortaderia selloana*, mmea wa jinsia mbili. Wepesi wa suke nao unaeleweka sasa, kwa kuwa maua ya aina hii yana nywele chache au hayana, tofauti na ya kike.

A chini ya lenzi

A ilifuata, na masuke yake ni yale ambayo watu humaanisha wanaposema pampasi: meupe, mazito, yenye mng'ao wa fedha. Nilifungua maua mengi. Hakuna chavua, mahali pa vifuko pana vijipande vilivyodumaa. Gamba linalofunika kila ua limevikwa nywele ndefu za hariri, na ndizo zinazolifanya suke lijae. Wauzaji wa masuke makavu walilijua hilo zamani. Katika biashara iliyokua California miaka ya 1870, mimea ya kike ndiyo iliyotafutwa na kugawanywa.

Kwa kuwa A ni ya kike, kile kipimo cha chavua hakinisaidii. *Jubata* nayo ni ya kike. Nimelazimika kujenga hoja kwa dalili nyingi. Stigma zake, yaani sehemu za ua zinazopokea chavua, zenye umbo la brashi ndogo, zimetokeza wazi nje ya ua, ilhali za *jubata* hubaki ndani. Suke lilitoka jeupe. Shina halijapaa mbali. Ncha za majani zimejikunja, na ala karibu haina nywele. Dalili tano, zote upande mmoja. *Cortaderia selloana*, ya kike.

Mwenye bustani aliuliza kama inaweza kuwa 'Sunningdale Silver', aina inayosifiwa kwa masuke mazito ya fedha na kimo cha kufikia mita tatu. Inaweza. Lakini *selloana* nyingi za kike zenye afya zinafikia sifa hizo. Jina la aina ya bustani ni la ukoo mmoja uliochaguliwa na kuongezwa kwa kugawa kichaka, si la kila mmea unaofanana nao. Bila kumbukumbu ya ununuzi wala kibao chenye jina hilo, siwezi kuliandika. A inabaki na jina la spishi tu, na sioni kama imepungukiwa kwa hilo.

C na D

Hizi zimekwenda haraka. D ina kingo za njano na majani ya zamani yanayogeuka dhahabu karibu yote, kimo cha kadiri ya mita mbili masuke yakiwa juu. Inalingana na 'Aureolineata', inayouzwa pia kama 'Gold Band'. 'Splendid Star' ina njano pia lakini ni fupi sana kuliko D, na 'Albolineata' ina kingo nyeupe. Mistari ya jani hutunzwa kwa kugawa kichaka, kwa hiyo hapa jina la aina lina uzito. Nimeandika *Cortaderia selloana* 'Aureolineata'.

C ni fupi na imeshikana, masuke yamesimama wima kwa wingi kwenye kimo cha mita moja na nusu hivi. Kila kitu kinaelekeza 'Pumila'. Hata hivyo mbegu za mimea mifupi huuzwa kwa jina hilo, na mche wa mbegu haurithi jina. Nimeiandika "pengine 'Pumila'". Neno "pengine" litabaki kwenye kibao, si kwenye daftari peke yake. Anayesoma kibao ana haki ya kujua uhakika unaishia wapi.

Sampuli

Suke la pampasi haliingii kwenye karatasi ya hebaria, yaani mkusanyo wa mimea iliyokaushwa, likiwa zima. Nimekata vipande vitatu kwa kila kichaka: ncha ya suke, sehemu ya kati, na msingi wa jani pamoja na ala yake yote. Kipande hiki cha mwisho husahauliwa mara nyingi, na bila hicho hakuna atakayeweza kuhakiki jambo la nywele za ala. Kwenye kila karatasi nimeandika vile ambavyo ukaushaji unafuta: rangi ya suke siku lilipofunguka, kimo, jinsia, na kama jani lilikatika lilipovutwa.

Miche

Nilipokuwa nikipima A niliona miche michache kwenye changarawe upande wa chini wa upepo. Ncha zake bado ni changa mno kusomwa, lakini asili yake haina fumbo kubwa. A ni ya kike, B inatoa chavua, na zinachanua kwa kupishana kidogo tu. Pampasi ya kike ikiwa peke yake hukosa chavua na haizai mbegu za maana. Ikipata mwenzake karibu, suke moja linaweza kurusha mbegu maelfu kwa maelfu, na upepo huzipeleka mbali.

Hili limebadilisha ushauri wangu kwa mwenye bustani. Tulikuwa tukijadili jina la B kwa ajili ya kibao, kumbe jinsia yake ndiyo habari kubwa zaidi. Nimempa njia mbili. Moja, kukata masuke yote ya B yakiwa bado hayajafunguka, kila msimu bila kuacha hata moja, na kukata ya A kabla mbegu hazijakomaa. Ya pili, kuondoa B, mizizi na yote. Mimi napendelea ya pili. B ni nzuri, lakini haina jina la aina linaloweza kuthibitishwa, na mimea ya waridi inapatikana. A ni kongwe na ina kibao chake.

Miche yote imeng'olewa kwa mkono ikiwa bado midogo, maana ikishafikia mwaka wa pili au wa tatu itahitaji sururu. Hakuna uliopewa jina. Hata kama A ingekuwa 'Sunningdale Silver', watoto wake na B wasingekuwa.

Yaliyobaki

Mwenye bustani amekubali B iondolewe baada ya masuke yake kukatwa. Vibao vipya vya A, C na D vimeandikwa. Cha E kina neno *Austroderia* peke yake, na nafasi imeachwa baada yake. Suke la mwaka huu lilikuwa limeshapita nilipofika kwalo, kwa hiyo nitakachohitaji ni kisuke kibichi cha msimu ujao: urefu wa magamba, nywele za ua, na vipimo vya ala. Mpaka hapo E isiguswe na shoka wala moto.